Wivu wa Michel na Kijicho Changu

Wandugu wa Kasongo na wa Kabambare, haya ninayowaeleza sikuyasikia kwa watu. Yalitokea katika jamaa yetu, na mimi mwenyewe nilikuwamo.

Jina langu Rosine, ninauza mchele sokoni Kasongo. Mdogo wangu Michel, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, ni mwalimu kule Kabambare. Mwaka jana, vakansi kubwa ya shule ilipofika, alikuja kukaa kwangu pamoja na bibi yake Léontine na binti yao Darlène, mwenye miaka minane. Siku za kwanza zilikuwa tamu. Asubuhi tulipepeta mchele, mchana tulikaa kivulini tukiongea, na Michel alikuwa akimmenyea bibi yake machungwa mbele ya watu bila haya. Majirani wakasema, hii ndiyo ndoa. Mimi nilitabasamu, lakini kitu kilinichoma rohoni. Bwana yangu alikwenda Salamabila kutafuta dhahabu na hajarudi, mwaka wa sita huu. Mimi hakuna anayenimenyea chungwa.

Jumamosi moja niliwapeleka kwa Théophile, ambaye alikuwa amefungua nyumba ya kula na kucheza karibu na soko. Pale unaagiza wali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Lualaba, na chakula kikiwa bado jikoni, mnacheza. Kuna biliadi, kuna televisheni yenye mchezo wa kukimbiza magari, na kuna babifuti, ile meza yenye wachezaji wadogo wa mbao waliofungwa kwenye vyuma. Unazungusha chuma, mchezaji anapiga mpira.

Michel alijaribu babifuti, akafungwa. Akajaribu tena na bibi yake, wakafungwa kwa sababu yake. Fundi redio mmoja, Clovis, aliyekuwa akicheza meza ile ile, akamwomba kwa heshima: amwachie Léontine acheze pamoja naye, upande mmoja, mara moja. Michel akakubali, akarudi kuketi na mimi na Darlène.

Kumbe Léontine alikuwa fundi. Alisimama na miguu yake imara, mkono wa kushoto nyuma, wa kulia mbele, na kila mpira aliougusa uliingia. Wakawafunga wapinzani wa kwanza, wakawafunga wa pili, watu wakaacha sahani zao wakaja kutazama. Léontine alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani kwangu, cha kutoka tumboni. Walipomshinda hata Théophile mwenyewe, Clovis akainua kiganja, Léontine akakipiga kwa furaha.

Michel aliona. Samaki alipoa mbele yake.

Ningeweza kumwambia, mdogo wangu, kula, bibi yako anacheza tu. Badala yake nilimwinamia nikamwambia polepole:

«Michel, mutu hawezi kujua muchezo namna hii bila mwalimu. Uliza ni nani alimufundisha.»

Wewe unayenisikiliza, kama ungeniona pale ungedhani ninampenda ndugu yangu.

Tulirudi nyumbani. Nikachukua ungo nikaanza kuchambua mawe kwenye mchele, na Michel akamsimamisha bibi yake uani. Akamuuliza huyo Clovis alimjua tangu lini. Léontine akashangaa, akasema amemwona leo kwa mara ya kwanza. Michel akauliza mchezo ule aliufundishwa na nani.

«Ni kaka yangu Serge, marehemu,» akasema. «Babifuti ilikuwa hapa Kasongo, kwenye sale ya parokia, ile nyumba ya mikutano. Nilikuwa mufupi, alikuwa ananisimamisha juu ya kasha ya sabuni.»

«Miaka kumi tuko pamoja, haukunielezea hata siku moya.»

«Haukuniuliza, Baba Darlène. Na kama hauniamini, Yaya Rosine iko hapa. Yeye anajua.»

Wote wawili wakanitazama. Na ni kweli, nilijua. Miaka ile Michel alikuwa akisoma Kindu, lakini mimi nilikuwa hapa hapa, nilimwona yule mtoto wa kike juu ya kasha lake, na Serge nyuma yake akimshika asianguke. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kinywani mwangu.

Niliendelea kuchambua mawe. Nikasema, «Ni zamani sana. Sikumbuki vizuri.»

Léontine aliniangalia. Mpaka leo macho yale sijayasahau.

Asubuhi Michel aliita motard, mwendesha pikipiki wa kukodi, akampandisha Darlène katikati, akaondoka kuelekea Kabambare. Alimwambia Léontine kwamba mtoto atakaa na baba, na yeye abaki na michezo yake. Mtoto alilia mpaka walipopotea kwenye vumbi. Njiani, motard alieleza baadaye, Michel alikuwa akimhimiza aende mbio, aende mbio. Walipofika kwenye daraja la magogo, gurudumu likaingia kati ya magogo mawili. Wanaume waliangukia mchanga. Darlène aliangukia gogo, mkono wake wa kulia ukavunjika mahali pawili.

Habari ilitufikia siku ya tatu, kwa sababu kule hakuna rezo ya simu. Tukapanda pikipiki, mimi na Léontine. Tulimkuta mtoto kwenye sentre ya afya, mkono umefungwa kwa vibao, na Michel amekaa chini kando ya kitanda, hajabadilisha nguo tangu siku ile. Hapo roho ilinishinda. Nikamwambia yote: Serge, sale, kasha la sabuni.

«Yaya, ulikuwa unajua?»

«Nilijua.»

Aliinamisha kichwa. Akageuka kwa bibi yake, akapiga magoti, akamwomba msamaha mbele ya muuguzi na wagonjwa. Léontine alikuwa akimfuta mtoto jasho. Hakuacha kazi yake.

«Nitarudia nyumbani, kwa sababu ya mutoto,» akasema. «Lakini usingojee nicheke.»

Alirudi. Mkono wa Darlène ulipona ukiwa umepinda, sasa anaandika kwa kushoto. Jirani yao ananiambia kwamba Léontine anapika, analima, anamjibu Michel kwa adabu. Akiwa na wanawake wenzake kisimani anacheka. Michel akitokea, ananyamaza.

MAFUNZO

Wandugu, Michel alikuwa na wivu, mimi nilikuwa na kijicho, na mtoto ndiye aliyelipa. Baba, bibi yako akifurahi mahali ambapo hukumtazamia, muulize furaha hiyo imetoka wapi, na akikujibu, msikilize. Ugomvi wenu usimpakie mtoto kwenye pikipiki. Na wewe unayekaa karibu na ndoa ya watu wengine, ukiitwa kushuhudia jambo unalolijua, sema siku ile ile. Mimi nilisema siku ya tatu, nimechelewa.