Nyumba ya Bibi Ipo

"Unarudi lini, Safia?"

"Nurdin, nyumba ya bibi ipo."

"Nimekuuliza siku ya kurudi."

"Na mimi nimekujibu."

Simu ikakatika. Nurdin alibaki amesimama katikati ya karakana yake pale Igoma, Mwanza, mkono mmoja una grisi, mwingine umeshika simu. Alisubiri iite tena. Haikuita.

Safia aliaga anakwenda wiki mbili tu. Bibi mzaa mama yake alitokea kisiwa cha Ngazija, huko Komoro, katika kijiji cha kale cha pwani, chini ya mlima wa volkano, na kabla ya ndoa Safia alitaka kukiona. Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Nurdin ni fundi wa injini za boti, hakuna mashine inayomshinda, lakini sentensi moja ya mchumba wake ilimshinda kabisa.

Mwenzenu alikuwa amejenga. Vyumba viwili na sebule, bati jipya, mapazia kachagua mwenyewe, tena mabaya. Kila jioni alikwenda kukaa humo peke yake, akiwaza Safia angekaa upande gani. Alimkumbuka mpaka chakula kikawa hakipiti.

Akatuma ujumbe: "Kama umepata maisha huko niambie tu. Nitaumia ila nitaelewa."

Jibu likaja baada ya siku mbili: "Leo nimefagia baraza. Hakuna kiatu cha mwanaume mlangoni. Majirani wananiangalia."

Hapo akajua ameachwa. Akaenda Buzuruga kwa Bi Mastura, mama yake Safia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Nimekuja kuaga. Safia hanitaki tena. Kila nikimpigia, ni nyumba ya bibi ipo, nyumba ya bibi ipo."

Bi Mastura akaacha kuchambua mchele.

"Na wewe unamjibuje?"

"Namwambia hata mimi nimejenga."

"Yarabi! Nurdin, kule kwetu Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mwanaume ndiye anayemfuata mke kwake. Binti akikwambia nyumba ipo, amekuita. Zaidi ya hapo anaona haya."

"Yaani miezi mitatu ananiita?"

"Na wewe miezi mitatu unamsubiri huku. Mwenzio anaaibika mbele ya kijiji kizima."

Nurdin hakumaliza hata chai aliyowekewa.

Wiki iliyofuata alishuka Ngazija. Kijiji kilikuwa ukingoni mwa bahari, kuta zake za mawe meusi, vichochoro vyembamba, na ule moto wa zamani wa mlimani umeganda kuwa mawe mpaka majini. Akauliza nyumba, akaonyeshwa. Safia alikuwa barazani na ufagio.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa sijui."

"Ulikuwa hujui nini?"

"Kwamba unaniita. Nilidhani unaniaga."

Ufagio ukamponyoka. Safia akakaa chini akalia, machozi ya miezi mitatu yote.

"Nilijua mama atakuambia. Nikaona umenielewa, ila hutaki. Mama wadogo wa huku walishaanza kunionea huruma, Nurdin."

"Nimekukumbuka vibaya sana. Nakaa kule Igoma naangalia mapazia."

"Mapazia gani?"

"Ya njano."

"Nitayatoa."

Nurdin akaweka begi chini. Aliogopa kuuliza, akauliza.

"Kwani unarudi?"

"Nilitaka niolewe nikiwa kwangu, basi. Bibi aliondoka hapa kabla hajaipata heshima hiyo, akaolewa ugenini. Ndoa ikipita tunarudi Mwanza, nakaa kwako." Akajifuta macho. "Lakini siku ukiniudhi, ujue nina kwangu."

Ndani mtu akakohoa. Alikuwa mama mdogo.

"Safia, mwambie mgeni shehe anakuja kesho kufungisha ndoa. Leo asivuke huo mlango."

Nurdin akachukua begi lake.

"Basi nikatafute pa kulala."

"Nenda. Ila viatu viache."

"Nitembee pekupeku?"

"Viache hapo mlangoni. Majirani waone."

Nurdin akavua viatu, akavipanga vizuri, ncha zikiangalia ndani. Kisha akashuka pekupeku juu ya mawe meusi yaliyochomwa na jua, akirukaruka na kucheka peke yake, na Safia akamtazama mpaka alipoishia kwenye kona.