Mbona Mimi Hukuniomba?

Meli kutoka Kendu ilifunga gatini Kisumu, abiria wakaanza kumiminika: kina mama na makapu ya kuku, makuli wakipigiana kelele, watoto wakilia kwa jua. Masudi bin Tamimu alisimama katikati ya vurugu hiyo, kavaa kanzu iliyopigwa pasi na joho jeusi la kuazima, mkononi kashika shada la asmini. Jasho lilimtiririka mgongoni. Alikagua kila uso ulioshuka, mpaka mabaharia wakaanza kufagia sitaha. Mtu wake hakuwemo.

"Hakuja," ilisema sauti nyuma yake.

Akageuka. Mwanamke alikuwa ameketi juu ya gunia la samaki, ngege wakavu, kama mtu aliyeketi sebuleni kwake. Leso ya manjano kaifunga juu ya gauni la maua, kipini cha dhahabu puani, wanja machoni, na kipande cha muwa mdomoni.

"Nani hakuja?" Masudi akauliza kwa hasira.

"Huyo unayemngojea na maua. Angekuwa ni mke, usingeyashika hivyo, kama umeshika panya mkiani. Ni tajiri, sivyo?"

"Ni tajiri."

"Na amekuahidi."

"Mara tatu!"

"Pole, Bwana. Maua yatanyauka bure. Lete." Akanyoosha mkono, akalichukua shada, akajivika shingoni. "Mimi ni Rehma binti Faraji. Sasa umepata mtu wa kumpokea. Haya, nisaidie kutafuta makuli, samaki wangu wasije wakaachwa hapa."

Makuli wote walikuwa wameshachukuliwa. Basi mwungwana akajikuta amevua joho la watu, ananyanyua gunia la samaki, na Rehma anacheka mpaka anashika mbavu.

Wacha nikwambie, ziko kazi za kuchosha mwili na ziko za kuchosha roho, na ya Masudi ilikuwa ya roho. Waumini wa mji walikuwa wameunda halmashauri ya kujenga chuo kikubwa, ambamo vijana wangesoma dini, Kiingereza, hesabu na ufundi chini ya paa moja. Wadogo walitoa chao mlangoni mwa msikiti. Masudi alipewa wakubwa. Kazi yake ilikuwa kuwafuata matajiri, kunywa chai yao, kuwasifia babu zao, na siku ikiiva, kuomba kitu cha maana: mbao za jengo zima, bati za paa zima, chumba kizima. Na matajiri hawakatai! Wangekataa, angeenda zake akalala. Wao husema inshallah. Husema pita wiki ijayo. Kartar Singh seremala peke yake ndiye aliyetamka milango na madirisha, naye akaongeza kwamba atayatengeneza kuta zikisimama. Kuta zenyewe ziko wapi?

Tangu siku ile ya gatini, jua likianza kupoa Masudi alikuwa haendi kwingine ila barazani kwa Rehma, nyuma ya bazari.

"Ombaomba wangu kaja," Rehma humwambia akimmiminia chai ya tangawizi. "Leo umetupwa na nani?"

"Jayantilal wa kinu cha pamba. Kanionyesha picha za harusi ya mpwa wake, zote, moja moja. Nilipofungua mdomo niseme habari za bati, akaniambia anakwenda kuoga."

"Maskini muhibu wangu! Kula mandazi. Tajiri ni kama samaki kamongo, ukimvuta kwa pupa anateleza."

"Na wewe nikikuvuta polepole?"

"Jaribu uone," Rehma husema, na kujifunika uso kwa leso ili asionekane anatabasamu.

Alikuwa ameachika. Mume alikwenda zake Uganda akamwacha na sufuria mbili, naye hakukaa kulia. Alinunua samaki Kendu na Luanda Kotieno, akawakausha, akawapeleka kwa lori mpaka machimbo ya dhahabu Kakamega, na sasa alikuwa na nyumba ya vyumba vya kupangisha na lori lake mwenyewe. Mji ulimwamkia mchana na kumsengenya jioni. Mwanamke peke yake huko machimboni, kwenye wanaume na pombe, pesa hizo kazipataje? Hakuna aliyethubutu kumuuliza usoni, maana ulimi wake ulikuwa unakata.

Masudi alimpenda mpaka chakula kikamshinda. Alishaamua kupeleka posa mfungo ukiisha. Ndipo siku moja Mzee Bakari, mwenyekiti wa halmashauri, akamvuta kando baada ya sala.

"Mwanangu, mbona humwendei Rehma binti Faraji? Yule mama anaweza kutujengea darasa zima, kuanzia msingi mpaka bati."

Atamwendaje? Mtu anayetaka kuoa anatanguliza mkono kwenye mali ya mwanamke? Mji utasema nini? Utasema Masudi kaoa mfuko.

"Huyo muacheni, Mzee."

"Kwa nini?"

"Muacheni tu."

Mzee Bakari akasema, haya. Lakini pale ukumbini mwa msikiti walikuwako watu wengine, na watu wana masikio.

Siku ya Maulidi mkeka ulitandikwa mpaka barabarani. Baada ya kasida na pilau, Mzee Bakari alisimama kuwataja wote walioombwa wakatoa au wakaahidi. Alimtaja Kartar Singh na madirisha yake. Aliwataja wenye maduka. Alimtaja hata bibi mmoja muuza kuni wa Katito, aliyetoa mkeka, na kina mama wakampigia vigelegele mpaka bibi wa watu akalia. Rehma alikuwa ameketi mbele kabisa upande wa wanawake, buibui jipya, udi unanukia, mikono ina hina mbichi. Alikuwa amejitayarisha. Siku zote alikuwa akingoja Masudi amwombe, na jibu alikuwa nalo mdomoni. Majina yakaisha. Wanawake wakageuka kumtazama, mmoja mmoja. Masudi alimwona akiinuka, akikung'uta buibui, akiondoka bila kuaga mtu.

Kwa siku kadhaa mlango wake ulikuwa umefungwa. Masudi akaona bora apige simu. Mtaani kwa Rehma simu ilikuwa moja, dukani kwa Narendra. Masudi akatumia ya Jayantilal, afisini kwenye kinu, na Jayantilal mwenyewe yupo mezani.

"Haloo! Narendra? Tafadhali niitie Bi Rehma."

Narendra hakuwa mtu wa siri. "Rehma-bai! Simu! Mwanamume!" akapaza sauti, na duka zima likanyamaza lisikilize.

"Nani?" sauti ya Rehma ikaja, imekauka.

"Mimi, roho yangu."

"Roho yako iko kifuani mwako. Sema shida yako."

"Mbona uliondoka Maulidini? Nimekukosea nini?"

"Masudi, Jayantilal umemwomba?"

"Nimemwomba."

"Kartar Singh?"

"Naye pia."

"Na yule wa Kendu asiyeshuka melini?"

"Rehma..."

"Hata bibi wa kuni alifuatwa mpaka Katito, akaombwa, akatajwa mbele za watu. Mbona mimi hukuniomba?"

Masudi akafungua mdomo. Jayantilal alikuwa ameweka kalamu chini na kusogeza kiti karibu. Atasemaje mbele ya mtu huyu kwamba anataka kuoa?

"Nitakueleza. Si sasa."

"Zeituni jirani yangu ameshanieleza. Mzee Bakari alinitaja, wewe ukasema huyo muacheni. Pesa za machimboni zinanuka, sivyo? Lakini mandazi uliyokula barazani kwangu hukuyasikia harufu!"

"Wallahi si hivyo! Sikiliza..."

Simu ikakatwa. Masudi akabaki ameshika mkono wa simu unaonguruma tu, na angekuwa na nguvu angeung'oa ukutani.

"Mama kali," Jayantilal akasema kwa upole.

"Kali."

"Yeye iko toa nini kwa chuo?"

"Hakuombwa."

Jayantilal akashangaa kweli kweli. "Mimi iko ombwa kila juma, yeye hapana ombwa hata moja? Iko nini na huyu mama? Basi mimi iko ngoja. Nani anza, mimi fuata."

Ala! Kumbe ndivyo walivyokuwa wote. Kila mmoja alimngojea mwenzake aanze, na Masudi alikuwa akizunguka baina yao kama punda wa kinu. Halmashauri ikaanza kunung'unika kwamba inamlipa mtu wa kunywa chai. Hilo hata hakulijali. Kilichomuuma ni kwamba lori la Rehma lilimpita barabara ya Maseno, yeye mwenyewe kakaa mbele kando ya dereva, wakaangaliana, na lori halikupunguza mwendo. Masudi alikula vumbi, akasimama pale akatukana kwa Kijaluo cha mama yake na Kiswahili cha baba yake, mpaka maneno yakamwishia.

Rehma aliporudi mjini, Masudi alimkuta barazani akishona gunia. Hakukaribishwa kiti.

"Sikukuomba kwa sababu nataka kukuoa," akasema pale pale, amesimama. "Niliogopa watasema naoa mfuko wako. Basi. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine."

Sindano ikasimama. Macho ya Rehma yakajaa maji, lakini sauti haikutetemeka.

"Kwa hiyo jina lako likabaki safi."

"Sikukusudia..."

"Lako safi, langu chafu. Uliogopa watu watakusema wewe, ukawapa nafasi ya kunisema mimi. Unajua wanawake wa mtaa huu walivyonitazama siku ile? Miaka yote nawalisha wenye kuchimba, naamka kabla ya jogoo, sijala cha mtu. Nilikuwa naitaka siku moja tu, nitajwe kama mtu miongoni mwa watu. Na kutajwa kwangu kulikuwa mkononi mwako."

"Nisamehe, kipenzi. Niambie nifanye nini. Nikuoe kesho?"

"La ndoa usilitaje hapa. Mwanamume anayeona haya kuniomba bati mbele za watu, ataona haya kunioa mbele za watu. Nenda zako, Masudi. Nina kazi."

Akaenda. Usiku huo hakulala, alijigeuza kitandani akijikasirikia. Rehma alisema kweli, na kweli ile ilimwuma kuliko tusi. Akaona njia ni moja, na mwisho wa njia hiyo kulikuwa na kile hasa alichokikimbia.

Kesho yake, mchana kweupe, wakati bazari imejaa, watu walimwona Masudi akipita na joho, Mzee Bakari kulia, wazee wawili wa halmashauri nyuma. Hawakupitia vichochoroni. Walipita barabara kuu, mbele ya duka la Narendra, na kila aliyeuliza mnakwenda wapi, Masudi alimjibu kwa sauti: "Kwa Bi Rehma, kuomba!" Walipofika barazani walikuwa na kundi la watu nyuma yao.

Rehma akatoka na leso yake ya kazini, mikono ina magamba ya samaki.

"Bi Rehma binti Faraji," Masudi akasema, na wote wakasikia. "Niliwaendea wote wenye uwezo katika mji huu, nikakuruka wewe. Haikuwa kwa sababu ya pesa yako. Pesa yako ni ya jasho kuliko ya wengi waliotajwa. Ilikuwa woga wangu. Leo nimekuja na wazee. Chuo hakina hata darasa moja. Nakuomba utujengee la kwanza."

Narendra alikuwa ametoka dukani na mizani mkononi.

"Nitajenga," Rehma akasema. "Kuanzia msingi mpaka bati. Lakini jina langu litatajwa msikitini, nalo litasomwa hivi: Rehma binti Faraji, muuza samaki machimboni. Hivyo hivyo, pamoja na machimbo yake."

Mzee Bakari akakohoa. "Machimbo nayo, mwanangu?"

"Nayo, Mzee. Au nibaki na darasa langu."

"Itasomwa," Masudi akasema. "Nitaisoma mimi."

Mzee Bakari akatazama watu, akamtazama Rehma, halafu akacheka na kuinua mikono kuomba dua. Vigelegele vikaanzia kwa Zeituni, yule yule wa maneno, vikaenea mtaa mzima. Habari zilipofika kwa Jayantilal, alituma kusema kwamba sasa ataanza kufikiri, na kwa Jayantilal hiyo ilikuwa hatua.

Watu walipoanza kutawanyika, mtu mmoja mwenye baiskeli akasema kwa sauti ya kusikika, "Masudi mjanja, wallahi! Kapata darasa, sasa atabeba na mwenye darasa. Maskini gani asiyetaka kuoa benki?"

Wengine wakacheka. Rehma alimkazia Masudi macho, akingoja.

Uso wa Masudi ukawaka moto. Ndiyo maneno yale yale, kama alivyoyaogopa, na yamesemwa hadharani. Akageukia watu.

"Umesema kweli, ndugu yangu! Namtaka! Kesho wazee hawa hawa watarudi hapa na posa, na wewe njoo na baiskeli yako ushuhudie. Na mseme mtakavyo, mtachoka!"

"Nani kakwambia nitakubali?" Rehma akauliza, lakini leso ilikuwa imeshapanda usoni.

"Hakuna aliyeniambia. Ninaomba."

Rehma akafuta magamba mikononi, taratibu, kidole kwa kidole, mtaa mzima ukimngojea.

"Basi waje mapema," akasema. "Lori langu linaondoka asubuhi, na halingojei mtu."