Ulinipita Wapi?

Kila asubuhi Dorcas alifagia uwanja wa bibi yake, akawafungulia kuku, kisha akaenda kumsubiri rafiki yake Rebeka kwenye jabali lililoegemea nyumba ya jirani. Mtaa wao uko pembezoni mwa Ilemela, na nyumba zake zimejibanza katikati ya mawe makubwa kiasi kwamba mgeni hushindwa kujua kama watu walivamia mawe au mawe ndiyo yaliyovamia watu. Rebeka alizaliwa pale. Dorcas alikuwa mgeni, aliyehamia kwa Bibi Teodora mwanzoni mwa mwaka akitokea mtaa wa Mabatini, baada ya mama yake, Evelina, kupata kazi ya upishi ng'ambo ya ziwa, huko Sengerema.

Wasichana hao wa darasa la sita walikwenda shule mbio, hata siku ambazo hawakuchelewa. Dorcas alikuwa na miguu mirefu na pumzi ya kutosha, na kwenye barabara tambarare alimwacha mwenzake bila shida. Lakini wakifika kwenye mawe, Rebeka alikuwa pimbi mtupu, kama yule mnyama wa majabalini. Aliruka huku na huku akicheka, na Dorcas akawa anahangaika nyuma.

Mwezi wa tano, Mwalimu Obedi, mwalimu wa michezo, alitangaza mbio za nyika. Wanafunzi wangeshuka Korongo la Mabula, ambamo maji ya mvua hupita kwa kelele kutoka vilimani, wangetokea ziwani, wazunguke kando ya maji, halafu warudi uwanjani. Msichana wa kwanza, huyo mmoja tu, angeingia timu ya wilaya, na mashindano ya mkoa mwaka huo yangefanyika Sengerema. Baada ya neno hilo Dorcas hakusikia tena kitu kingine.

Tangu mama yake avuke na kivuko, walikuwa wakisikilizana kwa simu ya Bibi tu, na simu yenyewe ilikuwa na tabia ya kukata kila maneno yanaponoga. Jioni hiyo Dorcas alimweleza mama yake habari za mbio. Mama alifurahi, akasema ataomba ruhusa kazini, asimame kando ya uwanja ampigie kelele mpaka sauti imkauke.

"Shinda uje," alimwambia, na simu ikakata.

Usiku wa kuamkia siku ya mbio mvua ilinyesha, na asubuhi ukungu ulikuwa umelala korongoni. Mwalimu Obedi alinyanyua kitambaa chekundu kila mtu akione. Jioni iliyopita alikuwa amefunga vitambaa vya namna hiyo njia nzima, kila penye kona.

"Fuateni vyekundu," alisema. "Ukiona huvioni tena, usibahatishe. Rudi mpaka pale ulipokiona cha mwisho."

Filimbi ikalia. Walipoingia korongoni Rebeka alikuwa mbele, Dorcas akimfuata kwa karibu. Kisha majabali yakambana, ukungu ukazidi, na Rebeka akatoweka. Dorcas alisikia maji yakinguruma chini yake na pumzi yake mwenyewe, basi. Kila jiwe lilifanana na lile alilotoka kulipita. Alipofika mahali korongo linapogawanyika, hakuona kitambaa chochote. Alikumbuka maneno ya Mwalimu, akageuka ili arudi, na hapo akaona chekundu kikipepea upande wa kushoto. Moyo ukamtulia, akakimbilia huko.

Mbele yake kilikuwepo kingine, na kingine, vimepangana kwenye kamba. Alishangaa jinsi Mwalimu alivyokuwa mkarimu wa vitambaa upande huu. Mara mawe yakaisha, akajikuta kwenye maji na tope, mpunga umemfika kiunoni, na kundi la ndege, kwelea, likaruka mbele yake. Aliteleza, akashika kamba, kitambaa kimoja kikabaki mkononi. Akakichomeka kwenye bukta ili amrudishie Mwalimu. Hatua chache tena akaibuka barabarani, na shule ilikuwa pale pale mbele yake.

Na ziwa je? Dorcas alijiuliza, akachanganyikiwa. Labda alilipita bila kuliona kwa sababu ya ukungu. Mtu mwenye hamu ya jambo hakosi jibu la kujipa, na Dorcas alijipa hilo huku akiongeza mwendo.

Uwanjani Mwalimu Obedi alitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena. Wanafunzi wa madarasa ya chini wakamnyanyua Dorcas juu kwa shangwe. Ilichukua muda mrefu Rebeka kutokea, goti likivuja damu, na wengine nyuma yake. Alipomwona Dorcas amekwisha kupumzika, alisimama.

"Ulinipita wapi?" aliuliza.

"Hata mimi sijui," Dorcas alisema, na wala hakudanganya. Rebeka hakukasirika. Alimtazama tu kama mtu anayetazama hesabu iliyokataa, na Dorcas aliona afadhali angekasirika.

Nyumbani Bibi Teodora alipiga vigelegele, akachukua simu ampigie Evelina. Kabla hajabonyeza, macho yake yakatua kwenye miguu ya mjukuu wake.

"Korongoni kuna mchanga," alisema polepole. "Haya matope meusi ni ya majaruba ya mpunga. Mara ngapi nimekukataza kukanyaga maji yale? Unataka kichocho?"

Alivuta beseni akaanza kumsugua miguu huku akigomba kwamba kesho watapita zahanati kuuliza. Dorcas alipoinama, kile kitambaa kikadondoka. Bibi akakiokota, akakikung'uta. Kilikuwa chekundu kweli, lakini kilikuwa na madoa ya njano. Dorcas aliyafahamu madoa hayo. Ilikuwa kanga kuukuu ya mama yake, ambayo yeye na Bibi waliichana vipande kwa ajili ya kuwingia ndege wanaokula mpunga. Bibi alikwenda kuvifunga jarubani peke yake, maana hakutaka mjukuu wake aingie kwenye maji yale.

Kumbe alikuwa amefuata vitambaa vya ndege. Alikuwa amekata korongo nusu nzima, pamoja na ziwa lote.

Badala ya kutulia, kichwa kilizidi kumzunguka. Hakuiba kitu. Hakumdanganya mtu. Aliambiwa afuate vyekundu, naye alifuata vyekundu. Mama alikuwa akimsubiri, na hakuna aliyejua zaidi ya Bibi. Lakini swali la Rebeka lilikuwa bado linamsubiri, na sasa jibu alikuwa nalo. Machozi yakamtoka.

Bibi hakumwambia afanye nini. Alishika simu tu. "Nimpigie mama yako nimwambieje?"

"Usimpigie kwanza, Bibi," Dorcas alisema.

Kesho yake hakumsubiri Rebeka jabalini. Alitembea peke yake hadi ofisi ya walimu, na safari hii miguu yake mirefu ilikuwa mizito ajabu. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, akaweka kitambaa chenye madoa mezani. Alieleza yote bila kujitetea. Mwalimu Obedi alikilinganisha na kitambaa chake, akashusha pumzi, kisha akawachukua Dorcas na Rebeka wakaenda korongoni.

Pale njia inapogawanyika hawakukuta kitu. Mwalimu alikuwa amekifunga kitambaa chake kwenye tete kando ya maji, na maji ya mvua yalikuwa yamekizoa. Alikiri kwamba hapo kosa lilikuwa lake. Dorcas akaona upenyo wa matumaini, akauliza kama mbio zingerudiwa.

Mwalimu alimgeukia Rebeka, akamuuliza yeye alifanyaje alipofika hapo. Rebeka alisema alirudi juu mpaka kitambaa cha mwisho, akipitia upande wa pili wa majabali, ndiyo maana hawakuonana na Dorcas kwenye ukungu, akaanza kutafuta upya, na ndipo alipoteleza akaumia goti. Waliokuja nyuma walimkuta akishuka, wakamfuata.

"Basi hatuwezi kurudia," Mwalimu alisema kwa upole. "Mwenzako alipita njia yote. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Jana ulipita njia fupi, Dorcas, ila hukuwa mwongo, ulikuwa umepotea. Uongo ungeanza leo, kama ungenyamaza. Ila leo umerudi mpaka kwenye kitambaa cha mwisho."

Dorcas aliumia, tena sana. Hata hivyo kichwa chake kilikuwa kimetulia kwa mara ya kwanza tangu jana. "Sikukupita popote," alimwambia Rebeka, naye Rebeka akamshika mkono mpaka walipotoka kwenye mawe.

Siku ya safari, Rebeka alikuja kuaga, akaomba kile kitambaa chenye madoa, ambacho Mwalimu alikuwa amekirudisha. Alikifunga mkononi akaondoka nacho.

Siku mbili baadaye simu ya Bibi iliita. Ilikuwa sauti ya mama, imekauka kweli kweli.

"Nimemwona mtoto anakimbia na kanga yangu mkononi," alisema. "Nimempigia kelele mpaka watu wakadhani ni wa kwangu. Amekuwa wa tatu. Sasa sikiliza, mwanangu. Bibi yako kanieleza yote. Mimi nilikuambia ushinde ndiyo uje, na hapo nilikosea. Mtoto hashindi ndipo aonane na mama yake. Wewe kaa hivyo hivyo na ukweli wako. Likizo ikifika, nitavuka mimi."

Dorcas alitaka kujibu, lakini simu ikakata. Alicheka, akamrudishia Bibi simu yake, akaenda kufungia kuku.