Kompyuta ya Ukoo wa Mbuzi

Kengele ya jioni ikishalia, Kagure hakuwa mtu wa kuzubaa langoni. Alitoka shuleni kwao Kaaga, mkoba mgongoni, akatembea moja kwa moja hadi Kinoru, mtaa wa mji wa Meru, ambako mama yake, Gatakaa, alikuwa karani wa chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la chakula cha mifugo, kwa hiyo ngazi zote zilinukia pumba na molasi. Kagure alikuwa akikaa kwenye benchi la wageni, akafanya kazi ya shule mpaka mama amalize yake, kisha wakaenda nyumbani pamoja.

Juu ya meza ya mama palikuwa na kompyuta pana, nzito, iliyofunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, kama vile watu wanavyofunika viti vya sebuleni. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na ukoo wa mbuzi. Kila mbuzi wa wanachama alivaa hereni ya nambari sikioni, na ukiiandika nambari hiyo, kompyuta ilikuambia baba yake ni beberu gani na mama yake ni nani. Mabeberu wa chama walihamishwa kutoka boma hadi boma ili wasije wakakutana na binti zao. Wakikutana, watoto huzaliwa dhaifu na maziwa hupungua. Kagure alikuwa amesikia maneno hayo mara nyingi hata akawa hayasikii tena.

Siku hizo mwenyekiti wa chama, Bwana Mukiri, alikuwa ameleta kompyuta mpya, ndogo, ya kubebwa mkononi. Mama alikuwa akihamisha ukoo polepole, akiandika mbuzi mmoja mmoja kila alipopata nafasi. Lakini Kagure aliona tu kwamba ile mpya inang'aa na ile ya zamani inakoroma kabla ya kuamka. Akajiambia kwamba ile kuukuu kazi yake imekwisha.

Shuleni, chama cha kompyuta kilikuwa na shida yake. Saiba moja ya Makutano, yaani duka la kukodisha kompyuta na intaneti, ilikuwa imefungwa, na mwenyewe akawapa wanafunzi kompyuta chache zisizowaka, pamoja na gunia la pawa, yaani vile visanduku vya ndani vinavyogawa umeme. Mwalimu Mutembei aliwaeleza kwamba pawa inaweza kuzungusha feni vizuri kabisa, kumbe ni mbovu, na ukiiunganisha inaunguza kila kitu. Njia ya kujua ni kuijaribu kwenye kompyuta nzima. Alihitaji kompyuta moja ambayo hata ikiungua, mwenyewe hatalia.

Mkutano ukageuka harambee ndogo. Mmoja alijitolea bisibisi, mwingine waya. Mugendi, mwenyekiti wa wanafunzi, alitoa meza kutoka karakana ya baba yake. Kila aliyetoa alipigiwa makofi ya kilo, yale ya mpigo mmoja yanayoacha viganja vikiwasha.

"Na Madam Ofisi?" Mugendi aliuliza, kwa maana hilo ndilo jina walilompa Kagure. "Kila siku ofisi, ofisi. Leo umetuletea nini, kiti cha kuzunguka?"

Darasa likacheka. Kagure akasimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Tuna kompyuta ya zamani ofisini," akasema. "Inakaa tu. Mnaweza kuijaribia."

Makofi aliyopigiwa yalitikisa madirisha. Hata Mugendi aliyapiga kwa nguvu zake zote. Yalipotulia, Mwalimu Mutembei alimtazama Kagure, akamuuliza kama mama yake anajua. Kagure, masikio yangali yakivuma kwa sifa, akajibu kwamba ameshamuuliza na amekubali.

Jioni hiyo alikusudia kuuliza kweli, lakini mama alirudi na maumivu ya mgongo. Kesho yake palikuwa na wageni. Siku iliyofuata Kagure aliosha vyombo vyote bila kutumwa, akidhani neno litakuja lenyewe, nalo halikuja. Kisha mama akasema Jumamosi atakwenda Siakago kubadilishana mabeberu na wafugaji wa Mbeere, na kwamba ataibeba ile kompyuta mpya. Akamwachia Kagure funguo ili afagie ofisi na kuwaambia wanachama wasubiri.

Jumamosi walikuja ofisini kama Kagure alivyowaambia, Mwalimu na wanafunzi, wakibeba gunia la pawa. Mwalimu alishangaa kutomkuta Gatakaa. Kagure alimwambia amesafiri, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ukweli huo mdogo ukamwuma kuliko uongo. Kitambaa cheupe kikaondolewa. Mwalimu akafungua skrubu moja moja, akazipanga ndani ya kifuniko cha chupa, akatoa pawa ya kompyuta na kuunganisha ya kwanza kutoka kwenye gunia.

Alikuwa akinyoosha mkono kuelekea swichi ya ukutani mlango ulipogongwa.

Alikuwa Nyanya Ruguru, mwanachama wa siku nyingi, ambaye boma lake lilikuwa nyuma ya uwanja wa Kinoru. Alihema kidogo kwa sababu ya ngazi. Mbuzi wake alikuwa amemfunga chini, kwenye nguzo ya duka, na sauti yake ilisikika mpaka juu.

"Mama Kagure yuko?" aliuliza. Alipoambiwa amesafiri, hakujali. Akakunja mkono wa sweta na kumwonyesha Kagure nambari aliyokuwa ameiandika kwa kalamu juu ya kifundo cha mkono. "Basi wewe nitazamie. Huyu wangu anataka dume leo, na beberu aliye karibu ni yule aliye bomani kwa Njeru. Nataka kujua kama hawana undugu. Huyu ndiye mbuzi niliyebaki naye, sitaki kumharibu."

Kisha akaiona kompyuta, ubavu wazi, nyaya nje kama matumbo ya kuku.

"Imekuwa nini tena hii?" akauliza.

Mwalimu Mutembei aliitazama nambari ile mkononi mwa nyanya, halafu akamgeukia Kagure. Wanafunzi wote walikuwa pale, wale wale waliompigia makofi. Chini, mbuzi alilia tena. Kagure alijua kwamba Mwalimu akibonyeza ile swichi na pawa ikawa mbovu, hakuna mtu Meru nzima atakayeweza kumwambia Nyanya Ruguru baba wa mbuzi wake ni nani.

"Mwalimu, usiwashe," akasema. "Mama hajui. Sikumuuliza. Na mbuzi wengi bado wako humo ndani tu."

Mugendi akapiga mluzi mdogo. "Madam Ofisi, kumbe ulitupiga kamba."

"Mugendi, nipe bisibisi," Mwalimu akasema.

Alirudisha pawa ya zamani mahali pake, akafunga kila skrubu, akawasha. Kompyuta ikakoroma. Ikanyamaza. Kioo kikabaki cheusi. Mwalimu akazima, akafungua tena, akakuta waya mmoja haujaingia sawasawa, akausukuma kwa kidole gumba. Safari hii kioo kiliwaka.

Kagure aliandika nambari kama alivyomwona mama akifanya. Ikatokea: baba wa mbuzi alikuwa ni yule yule beberu wa kwa Njeru.

"Kumbe nilikuwa nampeleka mtoto kwa babake," Nyanya Ruguru akasema. Akateremsha mkono wa sweta, akashuka ngazi polepole, na wote wakamsikia akimweleza mbuzi kwamba leo watapitia njia nyingine.

Mwalimu aliwaruhusu wanafunzi waende, akabaki. Alimwambia Kagure kwamba na yeye amekosa, kwa kuwa alipaswa kumpigia mama yake simu na hakupiga. "Lakini maneno ya nyumbani utayasema wewe," akaongeza.

Kagure aliyasema jioni ile ile, kabla mama hajatua mkoba. Gatakaa alisikiliza akiwa amesimama, vumbi la Mbeere kwenye viatu. Hakupaza sauti. Aliuliza kama mashine inawaka, na kama Nyanya Ruguru alisaidiwa. Kisha akasema, "Mimi umenieleza. Sasa wenye kompyuta ni wanachama, na wao utawaeleza."

Basi kwenye mkutano wa wanachama Kagure alisimama mbele ya watu wazima, akaeleza yote, akaomba msamaha. Wengine walinung'unika. Bwana Mukiri alimwacha amalize, kisha akawauliza wanachama wanataka kifanyike nini. Mwalimu Mutembei, aliyekuwa ameketi nyuma, alijitolea kuunakili ukoo wote wa mbuzi kwenye kompyuta mpya, na nakala nyingine aiweke kando. Kazi hiyo ilipokwisha na mama kuihakiki, mbuzi kwa mbuzi, wanachama waliulizwa kama ile ya zamani ipewe shule ya kujaribia. Walinyoosha mikono, na mkono wa Nyanya Ruguru ulikuwa miongoni mwa ya kwanza.

Siku ya majaribio mama alikwenda na Kagure shuleni. Pawa kadhaa zilifanya kazi vizuri, nazo zikawekwa alama. Kisha ikaunganishwa moja iliyoonekana safi kuliko zote. Swichi ilipobonyezwa, pakasikika mlio mkali, halafu moshi mwembamba ukapanda kutoka ubavuni mwa kompyuta na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaza darasa. Mwalimu akachomoa waya haraka. Mugendi, aliyekuwa ameinua viganja apige makofi, akavishusha.

Kompyuta haikuwaka tena. Kagure alirudi nyuma hatua moja, ijapokuwa hakuna kilichopotea.

"Unafikiria ile Jumamosi," mama akamwambia.

Kagure akaitikia kwa kichwa.

"Kutoa ni jambo jema, mwanangu, na leo tumetoa. Lakini mtu hutoa kilicho chake. Cha wenzako unakiomba kwanza, hata kama wewe unakiona kimechakaa, kwa sababu hujui wao wameweka nini ndani yake. Na ukishakosea, sema mapema, kama ulivyosema kabla swichi haijabonyezwa. Hapo ndipo ulipowaokoa mbuzi wa watu."

Waliporudi ofisini meza ilikuwa tupu, isipokuwa ile kompyuta ndogo na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Kagure alikichukua, akakikung'uta dirishani, akasimama nacho mikononi.

"Mama," akasema, "naweza kuifunika hii mpya?"

Gatakaa akatabasamu. "Sasa umeuliza. Ifunike."