Kikombe cha Karatasi

Kituo cha treni cha Parramatta, huko ughaibuni, saa ya watu kutoka kazini, hakina huruma na mtu mwenye pumzi fupi. Tumpe alipanda ngazi chache tu, akashika chuma na kuinama huku umati wa makoti meusi ukimpita. Miguuni alikuwa na raba nyekundu, mwilini fulana ya manjano iliyochujuka, mgongoni imeandikwa MBIO ZA TUKUYU.

"Dada wa Tukuyu, umeangusha kitu ama unatafuta mahali pa kulala?"

Aligeuka. Kijana mrefu, mweusi tii, amevaa shati la kazi la rangi ya machungwa linalong'aa, anacheka kwa macho.

"Napumzika. Kwani wewe ni polisi?"

"Hapana, mimi ni Kiprono. Napakia mizigo kwa ghala huko Minto."

"Kiprono! Basi nimepata wa kunifundisha kukimbia."

"Aki usianze. Kwetu kila mtu anakimbia, lakini mimi hata basi huniacha."

Tumpe alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa watu wa karibu wakasogea. Kiprono hakusogea. Hapo ndipo binti wa watu alipopenda, wala usimlaumu, maana kwa miezi mingi hakuna aliyekuwa amesimama karibu naye kiasi kile.

Wakawa wawili. Tumpe alipotoka kwenye nyumba ya wazee, alikoshinda akiwaogesha na kuwalisha, alikimbia kandokando ya barabara za Mount Druitt, na Kiprono akamfuata kwa baiskeli ya kuazima, chupa ya maji mkononi.

"Kaza mwendo, mrembo! Huyo nyanya mwenye mbwa anatupita!"

"Nyamaza wewe, shuka ukimbie!"

Siku moja Kiprono alimuuliza kwa nini anajitesa hivyo. Tumpe akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mama yake. Alikuwa ameugua TB. Alimeza vidonge nusu mwaka, daktari akathibitisha kwamba amepona na hawezi kumwambukiza mtu, ila pafu moja lilibaki na makovu.

"Zamani nilikuwa nakimbia marathoni, Kiprono. Nikimaliza moja tena, nitaamini kwamba sijafa. Lakini hili liwe letu wawili."

"Letu wawili, mpenzi."

Jumapili moja, baada ya kukosa iliyotangulia kwa ajili ya kazi, Tumpe alivaa gauni lake la kitenge cha bluu, akaenda kwenye ibada ya watu wa kanisa lao, nyumbani kwa Anti Waceke. Baada ya sala chai ikamiminwa. Kila mtu alipewa kikombe cha udongo chenye maua, yeye akapewa cha karatasi. Alidhani vile vya maua vimekwisha, mpaka alipoviona vingine kabatini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Upande wa pili wa meza Kiprono alikitazama kile kikombe, akainamisha uso, akanywa chai yake.

Walipotoka nje Tumpe alimgeukia.

"Umewaambia."

"Nilitoa ushuhuda, mpenzi. Wiki iliyopita, ukiwa kazini. Nilimshukuru Mungu amekuponya. Sasa kumshukuru Mungu ni makosa?"

"Na kikombe changu, ulikiona?"

Kiprono alichezea funguo zake.

"Nakuuliza, ulikiona?"

"Nilikiona."

"Ukanywa chai."

Simu iliita wiki nzima. Mwishowe Tumpe akapokea.

"Tumpe, nisamehe basi. Siwezi hata kula."

"Ushuhuda nimekusamehe," alisema. "Ile chai bado." Akakata.

Akafanya mazoezi peke yake, kwenye baridi, kwa hasira, na hasira haikulisaidia lile pafu. Kuna siku alirudi nyumbani kwa miguu akilia, watoto wa jirani wakimtazama. Hata hivyo kesho yake alifunga tena raba zake nyekundu.

Siku ya marathoni ilipofika, daraja kubwa la bandarini alilivuka akitabasamu. Baada ya nusu ya safari pafu likagoma. Akawa anatembea, anakimbia kidogo, anatembea tena, hadi alipofika kwenye meza ya maji karibu wa mwisho kabisa. Waliokuwa wakigawa maji ni watu wa kanisani waliojitolea. Anti Waceke alikuwepo, na Kiprono pembeni yake. Vikombe vilivyojaa mezani vilikuwa vya karatasi, na kila mkimbiaji, hodari na dhaifu, alikuwa amenywea hivyo hivyo.

Tumpe alitaka kucheka, kikohozi kikamtangulia. Anti Waceke akarudi nyuma. Tumpe akachukua kikombe kimoja, akanywa nusu, akatafuta pa kukitupa.

Kiprono alikitoa mkononi mwake, akanywa maji yaliyobaki mpaka tone la mwisho.

"Kiprono!" Anti Waceke aliita.

"Ni maji tu, Anti. Na huyu ndiye nataka kuoa."

Tumpe alimkazia macho. "Kwa nini hukufanya hivi siku ile?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Watu."

Jibu lilimuuma, lakini lilikuwa la kweli, naye alikuwa amechoka kubembelezwa.

"Bado nina safari," alisema.

Kiprono akafuatana naye, kandambili miguuni. Hawakufika mbali. Basi la kukusanya waliochelewa likasimama kando yao, Mzungu mmoja akashuka na kusema kwa upole kwamba muda umekwisha, barabara inafunguliwa. Tumpe alimsihi sana. Kisha akapanda, akilia kama mtu aliyefiwa, kwa sababu alijua kwamba pafu lile halitamfikisha mwisho, si mwaka huu wala mwingine.

Alipokohoa, abiria wa mbele walijisogeza. Kiprono akamvutia kifuani.

"Nimeshindwa," Tumpe alisema.

"Umeshindwa, mpenzi." Hakumdanganya, na kwa hilo Tumpe alimshukuru kimoyomoyo.

Basi lilikwenda taratibu kuelekea mjini.

"Jumapili nitarudi kwa Anti Waceke," alisema Tumpe. "Nataka nione safari hii nitapewa kikombe gani."

"Changu. Utaanza wewe, mimi nitamalizia."

Tumpe alifumba macho, akauacha mkono wake ndani ya wake.