Ameuzwa

Doti ya karatasi haifai kulowa. Kilonzo aliibandika mwenyewe Jumatatu, karatasi kavu kwa mkono mkavu, na Jumanne asubuhi alipoigusa kuona kama imeshika, kidole chake kilirudi chekundu. Akakinusa. Kilinuka udongo uliomwagiwa maji, na ukumbini mle hamkuwa na udongo wala maji, ila tapentaini na wanafunzi wa sanaa wa mwaka wa mwisho, kila mmoja akijiona ameshafika. Alikifuta kwenye jinzi, akaendelea kungoja wageni.

Yalikuwa maonyesho ya kuhitimu, mwaka wa 2005, katika chuo kikuu kimoja cha katikati ya jiji. Kila picha ilitundikwa na kadi ya jina kando yake. Ikipata mnunuzi, kadi hubandikwa doti nyekundu, na hapo maswali ya bei yanakwisha. Kilonzo hakuwa ameuza hata fremu. Ujanja alifunzwa na rafiki yake Jamleck, mchongaji sanamu, mtu wa mdomo kuliko patasi.

"Buda, watu wa Nairobi hununua penye wengine wamenunua," Jamleck alimwambia. "Bandika doti moja ya uongo. Utaona vile watakimbilia zile zingine."

"Nibandike gani?"

"Ile kali. Ile ya sista yako."

Picha hiyo ilimwonyesha Mwelu, dada yake mdogo, ameketi mlangoni kwao Kabiria akijisuka nywele. Ndiyo kazi pekee ambayo Kilonzo aliichora bila kuwaza nani ataisifu, na hakutaka kuiuza kamwe. Basi doti ingevuta wateja na papo hapo ingeilinda. Akaona amepiga ndege wawili. Usomi nao una vituko vyake: kijana anamlinda dada yake kwa kumtangaza kuwa amekwisha nunuliwa.

Mchana ule wa Jumanne ukumbi ulijaa. Katikati ya watu akaingia mama mmoja wa gauni la kijani, viatu vimelowa, na nje jua lilikuwa kali la kupasua utosi. Alizipita picha nyingine zote bila kugeuza shingo, akasimama mbele ya Mwelu. Watoto waliokuwa wakikimbizana walimzunguka kwa mbali, kama wanavyozunguka jiko lenye makaa.

"Huyu ameuzwa?" akauliza kwa upole.

Mtu wa pwani angeshtuka palepale. Lakini hapa ni Nairobi, ambako gari amefika na kitu ni yangu, na ngeli tuliziacha kwenye mtihani wa mwisho. Kilonzo alisikia swali la bei tu.

"Eeh, mama, ameuzwa."

"Na wewe ndiwe uliyemuuza?"

"Mimi mwenyewe," Kilonzo akasema, kifua mbele.

Mama akaitazama ile doti, na kwa muda mrefu hakupepesa jicho. "Haikuwa na mwenyewe," akasema. "Sasa inaye. Atachukuliwa Ijumaa, siku ya kufunga."

Alipoondoka, pale aliposimama pakabaki unyevu. Kilonzo aliona aibu ya kukamatwa na uongo, na zaidi ya aibu hakuona kitu. Laiti angeona.

Jioni Mwelu alirudi nyumbani kutoka saluni alikofanya kazi, kule Adams Arcade. Akainama mbele ya kaka yake, akageuza sikio.

"Kilo, si hii ni rangi yako? Nimesugua na asetoni mpaka ngozi inawasha. Haitoki."

Chini ya sikio palikuwa na alama nyekundu ya mviringo, iliyokatika vizuri kama kwa mkasi. Kilonzo alipoigusa ilikuwa na unyevu, nayo ilinuka udongo.

"Ni mbu," akasema.

"Mbu gani anauma duara?" Mwelu akacheka. Kisha akageukia mlango, akaitikia kwa sauti, "Nakuja!"

"Unamjibu nani?"

"Si kuna mama ameniita?"

Hapakuwa na mtu mlangoni. Kilonzo alifungua, akachungulia uani, akafunga komeo.

Tangu hapo mambo hayakumpa nafasi ya kupumua, kwa maana Mwelu alianza kuitikia katikati ya chai, katikati ya sentensi, akisimama na kikombe mkononi na kutembea hadi getini kabla ya kukumbuka kwamba hana anakokwenda, na kule ukumbini Kilonzo akikaa karibu na picha alisikia nyuma ya turubai kitana kikipita kwenye nywele kavu, taratibu, kikipita na kurudi, na akiisogeza fremu aone kuna nini huko nyuma alikuta ukuta tu, ukuta uliolowa mahali penye umbo la mtu aliyeketi, wakati wageni wakimpongeza kwa kuuza mapema hivyo na yeye, Mungu amsamehe, akiwashukuru.

Alhamisi akaenda Mountain View kwa Susu Ndanu. Bibi huyu wa Kikamba aliletwa mjini na mwanawe aliyefanya kazi benki, naye Jumapili aliimba kanisani na siku nyingine aliagua watu jikoni, mlango wa nyuma, mwanawe asijue. Alimsikiliza Kilonzo huku akichambua maharagwe.

"Alikuuliza namna gani? Usiniambie maana. Niambie maneno."

"Aliuliza, huyu ameuzwa. Nikasema eeh, ameuzwa."

Mikono ya Susu ikasimama. "Ulisema *a*meuzwa?"

"Ni kuongea tu, Susu. Sisi huongea hivyo."

"Nyinyi, ndiyo. Yeye hapana." Susu alishusha sauti kana kwamba jiko linasikia. "Picha ikiuzwa, imeuzwa. Ameuzwa ni mtu. Jini hanyang'anyi, mwana wakwa. Hungoja apewe. Na wewe ulimpa kwa mdomo wako, mchana kweupe, watu wakisikia."

Kilonzo alilia. Susu alimwacha alie kidogo, akamkatiza.

"Kilichotolewa kwa mdomo hurudishwa kwa mdomo. Kesho, kabla hajamchukua, simama mbele ya watu wote useme: hajauzwa, sikumuuza, nilidanganya. Vivyo hivyo. Usiongeze, usipambe."

"Hajauzwa, sikumuuza, nilidanganya," Kilonzo akarudia.

"Na usione haya," Susu akasema. "Haya itakuulia mtoto wa watu."

Asubuhi ya Ijumaa alimsihi Mwelu asiende kazini. Mwelu alikataa: kulikuwa na harusi, vichwa vingi vya kusuka, na Caren, mwenye saluni, hapendi mchezo. Alama ile ilikuwa imeteremka hadi shingoni. Kilonzo alimkumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Mwelu akamuuliza kama ameugua.

Mchana wakakusanyika wote: walimu, wazazi waliovalia, wenye nyumba za sanaa wa Westlands, na mgeni wa heshima, mzee aliyefundisha Kiswahili miaka mingi na ambaye bado alisahihisha watu kama wengine wanavyofukuza nzi. Jamleck alitangulia kutoa shukrani.

"Nafurahi sanamu yangu amekubaliwa hapa," akasema.

"Amekubaliwa?" mzee akadakia. "Basi mpeni kiti aketi, msimsimamishe mwenzenu!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Jamleck alirudi mahali pake ameiva masikio. Mwenye nyumba moja ya sanaa, ambaye juzi alikuwa amemwomba Kilonzo namba ya simu, alicheka hadi akafuta machozi.

Wakati wakicheka, yule mama wa kijani aliingia, akasimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Ile harufu ilifika mbele kabla macho ya Kilonzo hayajamwona.

Jina lake likaitwa. Alitembea hadi kwenye kipaza sauti, midomo ikirudia maneno ya Susu bila sauti, na nyuma ya picha kitana kilikuwa kikienda mbio sasa, mbio za mtu anayejiandaa kwa safari, akaona macho yote yamemkodolea, ya mwalimu wake, ya yule wa Westlands mwenye tabasamu lisilokwisha, ya mzee aliyekwisha inua kidole chake tayari kwa kosa lijalo, na ndani yake, chini ya hofu yote ile kubwa, hofu nyingine ndogo ya kijinga ikanyanyua kichwa.

"Nilidanganya," akasema. "Doti ile niliibandika mwenyewe. Picha hii ha..."

Kidole cha mzee kikasogea.

"...haijauzwa," Kilonzo akajisahihisha. "Sikuiuza."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtu mmoja akapiga makofi kwa ujasiri wa kijana huyu, na wengine wakafuata.

Nyuma ya ukumbi yule mama naye alipiga makofi, kwa adabu. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini Kilonzo alilisikia kila neno kupitia kelele zote: "Ahsante kwa kunyoosha mambo. Picha ni yako. Baki nayo."

Doti ikabanduka, ikaanguka, karatasi kavu tu. Kitana kikanyamaza. Kilonzo akapaza sauti, "Hajauzwa! Hajauzwa! Mwelu hajauzwa!" lakini mlangoni hapakuwa na mtu tena, na Jamleck akamshika bega akidhani ni furaha ya kumaliza chuo.

Alipofika Adams Arcade shati lilikuwa limemganda mgongoni. Ndani ya saluni mteja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, na Caren, mikono kiunoni, alikuwa akitazama sakafu iliyolowa.

"Mwelu yuko wapi?"

"Si ametoka sasa hivi!" Caren akasema kwa hasira. "Nimemwambia amalize kichwa ya mteja kwanza. Ati hawezi, mwenyewe amefika kumchukua." Akamtazama Kilonzo juu hadi chini, na hasira ikamtoka usoni. "Mimi nikadhani ni wewe."