Skripti Niliyoiendesha kwa Jina la Dada Kebo

"Vua kitambulisho. Na funguo uache hapo mezani."

Bosi alimwambia hivyo Dada Kebo mbele ya ofisi nzima...

Na mimi mwenye kosa nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Nikajifanya nakunja waya!

Jamani, nitukaneni. Ila someni mpaka mwisho.

Dada Kebo ndiye aliyenifundisha kazi. Tulimwita hivyo kwa sababu hakosi kebo shingoni. Kliniki yetu ni ya macho, na sisi wawili ndio tulitunza kompyuta zote.

Asubuhi ile nilipewa kazi ya kufuta folda za wafanyakazi kumi na wawili walioacha kazi. Nikaona uvivu kufuta moja moja. Nikaandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazitekeleza yenyewe.

Kwa msiojua: kuna variable, yaani kikasha cha kubeba jina. Halafu kuna loop, inayozunguka kwenye orodha. Inachukua jina, inaliweka kwenye kikasha, inafuta folda ya huyo mtu, inarudi kuchukua jina linalofuata.

Akaunti yangu haikuwa na ruhusa ya kufuta. Dada Kebo alikuwa ametoka kupokea simu, kompyuta yake iko wazi kwenye akaunti yake, yenye ruhusa zote...

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikabonyeza.

Jina la kwanza... la pili... la kumi na mbili. Safi!

Haikusimama.

Chini ya orodha nilikuwa nimeacha mstari mtupu. Loop ikauchukua kama jina! Kikasha hakina kitu, kwa hiyo badala ya "futa folda ya fulani", amri ikawa "futa folda"... ZOTE!

Picha za macho ya wagonjwa, zilizokaa humohumo, zikawa zinayeyuka mbele yangu. Nikachomoa waya kwa pupa. Wapi!

Nikarudi kwenye kiti changu kama sijui kitu. Mfumo ukaonyesha iliyofuta ni akaunti ya Dada Kebo, na mchana uleule bosi akamvua kitambulisho.

Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki iliyopita. Wagonjwa wa wiki nzima ikabidi waitwe tena wapigwe picha upya. Mama mmoja akaja ameshikwa mkono na binti yake.

"Si mlisema nimemaliza? Ile dawa ya matone mnayotia kabla ya picha inaniumiza kichwa siku nzima."

"Pole mama. Mitambo ilisumbua."

Mitambo! Uso mkavu kabisa.

Nyumbani mume wangu akauliza, "Mbona huli?"

"Uchovu tu."

Siku ya sita nikashindwa. Nikaingia kwa bosi.

"Ni mimi. Si Dada Kebo."

Bosi hakushtuka! Akageuza skrini yake.

"Soma."

Ilikuwa skripti yangu. Kile kikasha cha majina nilikuwa nimekiita "mheshimiwa". Utani wangu huo, na anayeujua ni mtu mmoja tu...

"Nilimwonyesha Dada Kebo siku ya pili, akaitambua," bosi akasema. "Akaniomba nisikuite. Alisema, 'Huyo namjua, atakuja mwenyewe.'"

"Sasa mbona hajarudishwa?"

"Kuacha kompyuta wazi ni kosa lake, na amelikubali. Anarudi wiki ijayo."

Nikaenda kwake moja kwa moja. Nilimkuta anaanika nguo.

"Dada, nisamehe..."

Hakugeuka.

"Kila hodi nilijua ni wewe. Mwanangu alinicheka, maana nilikuwa nakimbilia mlango kama nangoja posa."

Nikaanza kulia.

"Kufuta, hata mimi nimewahi kufuta," akasema. "Hilo limekwisha. Ila siku zote hizo, mdogo wangu? Uliweza vipi?"

Nikainama, nikamshikia beseni la nguo.

Alirudi kazini. Mimi nikapewa barua ya onyo. Tunasalimiana vizuri tu, lakini mambo yake ya nyumbani hanisimulii tena.

Mafundi wenzangu, kagueni kikasha kabla ya kuzungusha. Na mkiharibu, semeni saa ileile.

Skripti yangu iliharibu kwa sekunde arobaini, bila kujua inachofanya. Zile siku tano nyingine niliharibu mwenyewe, na akili zangu timamu.